Herufi Tatu za PNP

Kati ya mwezi wa saba na mwezi wa kumi na moja mwaka 1964, waasi walioitwa Simba walipokuwa wameishika Kindu, huku Maniema mashariki mwa Kongo, palikuwa na jina moja ambalo karani, mwalimu au mtumishi wa serikali aliomba lisitajwe karibu na jina lake. Halikuwa hata jina kamili, zilikuwa herufi tatu tu: PNP. Aliyeitwa PNP amekuwa adui wa mapinduzi, na adui wa mapinduzi alijua kinachomngoja. Kuna waliotiwa ndani wakatoka. Kuna ambao hawakurudi nyumbani.

Ajabu yake, wasikilizaji, ni kwamba chama chenyewe cha PNP hakikuwahi kutamba Maniema, na kufikia mwaka huo kilikuwa kimekwisha nguvu hata kule kilikozaliwa. Wengi walioshtakiwa kwa jina lake hawakuwahi kushika kadi yake wala kuhudhuria mkutano wake. Chama kilikuwa kimekufa, lakini jina lake lilikuwa bado linatembea mitaani likitafuta watu wa kuwapachika.

Habari ya jina hilo haikuanzia Kindu. Ilianza mbali, ukishuka na Lualaba hadi unapobadilika kuwa Kongo, ukaipita Kisangani, ukafika Coquilhatville, mji unaoitwa leo Mbandaka. Huko, mwezi wa Novemba 1959, vyama vidogo na jumuiya za kikabila kutoka majimbo mbalimbali vilikutana vikaungana kuwa Parti National du Progrès, yaani Chama cha Taifa cha Maendeleo. Rais wake akawa Paul Bolya, mwenyeji wa Equateur.

Mwaka ule wa 1959 vyama vilikuwa vinaota kama uyoga baada ya mvua. Tarehe 4 Januari Leopoldville, mji mkuu, ilikuwa imewaka moto wa ghasia. Siku tisa baadaye mfalme Baudouin akatangaza redioni kwamba Ubelgiji itaipa Kongo uhuru, bila kuchelewesha mambo na bila pupa. Kila mtu aliyejua kusoma na kuandika akaanza kujiuliza atasimama wapi siku hiyo ikifika. Kabila la Bakongo lilikuwa na ABAKO ya Joseph Kasavubu. Katanga ilikuwa na CONAKAT ya Moïse Tshombe. Bukavu kulikuwa na CEREA ya akina Anicet Kashamura. MNC, iliyoanzishwa Leopoldville tarehe 10 Oktoba 1958, ilikuwa imekwisha kupasuka vipande viwili, kimoja kikibaki na Patrice Lumumba na kingine kikimfuata Albert Kalonji.

PNP ikaja na lugha ya kupooza. Ilitaka Kongo moja isiyogawanyika, na katika hilo ilikuwa ya kitaifa kuliko ABAKO au CONAKAT, ambazo macho yao yalikuwa kwenye majimbo yao kwanza. Uhuru iliutaka, ila uje kwa hatua. Urafiki na Ubelgiji usikatwe, na machifu waheshimiwe. Kwa maneno mengine, kilikuwa chama cha taifa cha watu wanaopenda mambo yaende polepole na yaliyopo yasibomolewe. Katika nchi nyingi chama cha namna hiyo kinakaa bungeni miaka mia bila mtu kukishangaa.

Kongo ya 1959 haikukipa nafasi hiyo. Herufi zake tatu ziligeuzwa kabla wino haujakauka. Waliosoma Kifaransa walisema PNP maana yake ni Parti des Nègres Payés, chama cha weusi waliolipwa. Kwa Kilingala utani ukawa mtamu zaidi: Pene Pene na Mundele, yaani karibu karibu na Mzungu.

Hapa inafaa kusimama kidogo, kwa sababu utani huu ulikuwa na kazi yake. Kindu ni mji wa Kiswahili, Kiswahili kilichofika na misafara ya Nyangwe na Kasongo enzi za Tippu Tip. Kwa Kiswahili herufi zile zisingecheza. “Karibu na Mzungu” haianzi na P wala haiishii na P. Lakini Kilingala kilikuwa kimekwisha kuingia mjini na wanajeshi wa Force Publique na wafanyakazi wa mashua, na hata mama aliyeuza mihogo sokoni alijua mundele ni nani. Maneno mawili ya “pene pene” yakatosha kumweleza mtu asiyejua kusoma kwamba chama hiki ni cha akina nani. Programu ya chama ilikuwa karatasi ya Kifaransa. Jina la utani lilikuwa mdomoni mwa watu.

Tena jina lilishika kwa sababu liligusa jambo la kweli. Waliojiunga na PNP, au waliodhaniwa kujiunga, walikuwa watu wa aina mbili: machifu na wale walioitwa évolués, Waafrika waliosoma wakaishi Kizungu.

Tuanze na wasomi. Tangu 1948 serikali ya kikoloni ilikuwa ikitoa kadi ya sifa ya uraia, na tangu 1952 ikaongeza cheti kikubwa zaidi cha kumwandikisha Mwafrika awe sawa na Mzungu mbele ya sheria. Ili kukipata, mwombaji alikubali wakaguzi waingie nyumbani kwake. Walitazama jikoni, vyombo vya mezani, vitanda, choo na namna mke na watoto wanavyokula. Mtu mzima, mwenye kazi na familia, alisimama pembeni nyumbani mwake akisubiri kuambiwa kama ameendelea vya kutosha. Waliopita mtihani huo majirani waliwaita mundele ndombe, mzungu mweusi, na haikuwa sifa.

Ila Lumumba mwenyewe alipita mlango huohuo. Alipata cheti hicho mwaka 1954, akiwa karani wa posta Stanleyville, Kisangani ya leo. Miaka miwili baadaye aliandika kitabu kuhusu hatima ya Kongo, kilichokuja kuchapwa baada ya kifo chake, na humo anasifia jumuiya ya Wabelgiji na Wakongo wakienda pamoja hatua kwa hatua. Ukiyaweka maneno ya Lumumba wa 1956 mbele ya mtu bila kumtajia mwandishi, angeweza kudhani yametoka kwa Bolya. Tofauti ni kwamba Lumumba alisogea, tena kwa kasi, hasa baada ya kwenda Accra Desemba 1958 na kusikia Afrika nzima ikizungumza. Waliobaki pale alipokuwa amesimama 1956 ndio walioitwa pene pene.

Kwa machifu mambo yalikuwa mazito zaidi. Chama cha kuhifadhi lazima kiwe na kitu ambacho watu wanataka kihifadhiwe. Mfano mzuri uko jirani, Uganda. Mwaka 1961, katika ufalme wa Buganda, kilizaliwa Kabaka Yekka, chama ambacho jina lake lenyewe linasema “Kabaka peke yake”. Nacho kilikuwa cha kihafidhina, cha watu wa ikulu na wazee wa koo, na mwaka 1962 kilizoa viti 21 kati ya 24 vya Buganda. Mganda wa kawaida alimpenda mfalme wake, kwa hiyo kumhifadhi mfalme kulikuwa ni kujihifadhi yeye mwenyewe.

Je, mkulima wa Maniema alikuwa na nini cha kuhifadhi? Chifu aliyemjua alivaa medali ya Bula Matari, yaani serikali ya kikoloni, na kupokea mshahara wake. Wengine walikuwa wa damu ya utawala kweli, wengine waliwekwa na serikali baada ya kuwaondoa wenye haki. Chifu ndiye aliyesimamia kodi. Chifu ndiye aliyehakikisha mashamba ya lazima ya pamba na mpunga yanalimwa, siku 60 kwa mwaka, ambazo wakati wa vita, mwaka 1942, zilipandishwa hadi 120. Aliyeshindwa kulima alifungwa, na kabla ya hapo alionja fimbo. Chama kinachokuja kwa mtu huyo na kumwambia “machifu waheshimiwe, mambo yaende polepole” kinamwomba avumilie kidogo tena mambo ambayo babu yake aliyavumilia. Si ajabu hakupata subira ya kukisikiliza.

Lakini wakati huo PNP bado ilionekana kuwa na bahati. Katika uchaguzi wa mabaraza wa Desemba 1959 vyama kama ABAKO viligoma, PNP ikaingia na kuvuna viti vingi vijijini. Mijini hadithi ilikuwa nyingine. Stanleyville, ambako Lumumba alikuwa amekamatwa tarehe 1 Novemba baada ya ghasia, chama chake kilipata viti 55 kati ya 74 huku mwenyewe akiwa gerezani. Kindu iliyasikia hayo upesi. Treni ya CFL ilikuja kutoka Kongolo, mashua zikateremka hadi Ponthierville, inayoitwa leo Ubundu, na abiria walipanda na kushuka na habari pamoja na mizigo. Mji wa reli na bandari hauhitaji gazeti ili ujue mkubwa ni nani.

Tarehe 20 Januari 1960 Meza ya Duara ikafunguliwa Brussels. PNP ilikwenda na wajumbe 11, MNC ya Lumumba na watatu. Kwa hesabu ya viti mezani, Bolya alikuwa mtu mzito. Ndipo likatokea jambo ambalo wengi wamelisahau: wajumbe wote wa Kongo, PNP wakiwemo, walifunga safu ya pamoja, Front Commun, wakadai uhuru wa mara moja. Wakadai pia Lumumba atolewe jela. Akatolewa gerezani Jadotville, akashuka uwanja wa ndege wa Brussels akiwaonyesha waandishi mikono yake yenye bandeji mahali pingu zilipomkata. Siku iliyofuata, tarehe 27 Januari, siku ya uhuru ikapangwa: 30 Juni.

Kwa hiyo katika swali kubwa kuliko yote, chama cha pene pene kilikaa upande uleule na wenzake. Hakikupiga breki. Kama siasa ingekuwa mahakama, wakili wa PNP angeuleta ushahidi huo mbele ya hakimu. Ila jina la utani halikatiwi rufani, na picha iliyozunguka ilikuwa ya mikono ya Lumumba.

Uchaguzi wa wabunge wa Mei 1960 ukatoa hukumu ya kura. Kati ya viti 137 vya baraza la wawakilishi, MNC-Lumumba ilipata 33, PNP 15, chama cha PSA cha Antoine Gizenga 13, ABAKO 12, CEREA 10. Viti 15 si haba, ila vilikuwa vimetawanyika nchini na havikuwa na ngome moja imara. Katika jimbo la Kivu, ambalo Maniema ilikuwa wilaya yake, waliotamba ni CEREA upande wa Bukavu na MNC-Lumumba upande huu wa Kindu.

Maniema kumpa Lumumba kura hakuhitaji ufafanuzi mrefu. Alizaliwa Onalua, ng'ambo tu ya mpaka wa Kasai, Mtetela ambaye Wakusu wa Maniema wanamhesabu ndugu. Alikuwa na umri wa ujana alipofanya kazi ya ukarani Kalima, katika kampuni ya bati ya Symétain, kabla ya kuhamia Stanleyville mwaka 1944. Alizungumza Kiswahili cha watu wa hapa. Walipomsikia akisema “uhuru”, hawakuhitaji mkalimani.

Lumumba alipounda serikali, hakuwatupa nje wapinzani wake. Alihitaji kura za bunge, na usiku wa kuamkia tarehe 24 Juni alipita kwa kura 74, nyembamba mno. Bolya akaingia kama waziri wa nchi. Albert Delvaux, naye wa orodha ya PNP, akawa waziri mkaazi wa Kongo huko Ubelgiji. Kwa wiki chache lile jina la utani lingeweza kufifia. Mtu hamwiti msaliti waziri wa serikali ya Lumumba.

Tarehe 5 Septemba 1960 mambo yakageuka. Rais Kasavubu alitangaza redioni kwamba amemfukuza Lumumba kazini. Kwa mujibu wa katiba ya muda, amri ya rais ilitaka saini ya waziri pembeni. Saini zikapatikana mbili: ya Justin Bomboko na ya Albert Delvaux. Tangu siku hiyo, upande wa mashariki, pene pene haikuwa tena dhihaka. Mtu mmoja wa PNP alikuwa ametia kalamu katika karatasi iliyomwangusha Lumumba, na Lumumba alipouawa Katanga tarehe 17 Januari 1961, watu wakaunganisha saini na kaburi. Waliokuwa na PNP vijijini, ambao hawakumjua Delvaux kwa sura, wakaubeba mzigo wake.

Woga wa mundele kurudi ukatanda Kindu kama moshi. Tarehe 11 Novemba 1961 ndege mbili za Umoja wa Mataifa zilitua uwanja wa Kindu na wanahewa 13 wa Italia, wakileta mahitaji ya kikosi cha Malaya kilichokuwa hapa. Askari wa Kongo waliwadhania wanajeshi wa miavuli wa Kibelgiji. Waitalia wote 13 waliuawa. Mji ambao wageni waliujua kwa reli ukajulikana Ulaya kwa habari hiyo.

Kisha likaja 1964. Simba waliingia Kindu mwezi wa Julai, wakiongozwa upande huu na watu wa Gaston Soumialot, mtu wa MNC-Lumumba. Walijiona warithi wa Lumumba, wakagawa watu katika mafungu mawili: wetu, yaani MNC, na wao, yaani PNP. Mwanasosholojia Benoît Verhaegen, aliyechapisha mwaka 1969 utafiti mzito kuhusu uasi wa Maniema, ameonyesha jinsi fungu hilo la pili lilivyotanuka. Kwanza walikuwa wanasiasa, kisha machifu, kisha watumishi wa serikali, mwisho karibu kila aliyekuwa na kazi ya mezani. Kwilu, upande mwingine wa nchi, wafuasi wa Pierre Mulele nao waliwaita maadui zao pene pene, ingawa pande hizo mbili ziko mbali na hazikuwa na bwana mmoja.

Na hapo herufi tatu zikawa mlango wa kulipizana. Mtu aliyekuwa na deni, kesi ya shamba au wivu wa mke alikuwa na njia fupi. Shahada ya shule ilitosha kuwa ushahidi. Tai shingoni na miwani navyo vilitosha. Kitu kilekile ambacho mkaguzi wa 1952 alikitafuta nyumbani ili ampe mtu cheti, kijana wa Simba alikitafuta ili amtie ndani.

Tarehe 5 Novemba 1964 safu ya jeshi la serikali na mamluki wa Mike Hoare iliitwaa tena Kindu, ikielekea Stanleyville. Mizani ikapinduka. Sasa aliyepaswa kuogopa ni yule aliyeitwa Simba, na hapo napo vidole vilinyooshwa, na hapo napo si kila aliyenyooshewa alikuwa amebeba mkuki.

Mkuu wa jeshi, Mobutu, alitwaa madaraka tarehe 24 Novemba 1965 akafunga milango ya vyama vyote. PNP haikupata hata nafasi ya kufa kwa heshima. Ilizimwa pamoja na waliokuwa wameishinda. Mwaka 1967 chama chake, MPR, kikazaliwa na baadaye kikawa chama pekee. Ukiitazama vizuri MPR, unaona mambo ambayo Bolya aliyaombea kura bila kuyapata: nchi moja isiyogawanyika, utulivu kwanza, urafiki na nchi za Magharibi, na heshima kwa mila za mababu. Tofauti ni kwamba Mobutu hakuomba kura. Akageuza jina la nchi kuwa Zaire mwaka 1971, mwaka uliofuata akafuta majina ya Kikristo, na tai, ile tai iliyowaponza makarani wa 1964, ikapigwa marufuku, abakosti ikachukua nafasi yake. Uhafidhina wa kitaifa ulitawala zaidi ya miaka ishirini, na hakuna aliyethubutu kuuita pene pene kwa sauti.

Vyama vilipofunguliwa tena, Aprili 1990, MNC-Lumumba ilirudi kwa vipande kadhaa, kila kimoja kikidai ndicho halisi. PNP haikurudiwa na mtu mwenye nguvu. Kindu ilipata jina jingine la kuogopa Oktoba 1998, waasi wa RCD walipoutwaa mji pamoja na majeshi ya Rwanda. Aliyeonekana kufanya kazi na wakubwa wapya aliitwa kolabo. Watu wazima walioikumbuka 1964 waliijua harufu ya neno hilo.

Bolya amebaki mahali pamoja ambapo mtu hakumtarajia. Katika siku za Meza ya Duara, Joseph Kabasele na bendi yake ya African Jazz walikuwa Brussels, wakatunga Indépendance Cha Cha, wimbo unaotaja vyama na viongozi waliouleta uhuru. Kila tarehe 30 Juni redio za Kindu zinaupiga, mitaani Kasuku na Mikelenge, na ukivuka mto kwa mtumbwi unausikia Alunguli pia. Vijana ambao hawakumwona Mbelgiji akitawala wanaucheza kwa hatua zilezile. Jina la Bolya limo, linaimbwa baada ya Kalonji na kabla ya Tshombe, katika pumzi moja na Lumumba. Chama chake hakimo.